Panzi Walioingia Siku ya Kumenya

Filamu kubwa za Wamarekani hutengenezwa kwa ajili ya kiangazi chao. Shule zimefungwa, joto limezidi, watu wanatafuta mahali pa kukaa na kula bisi. Huku kwetu mteremkoni mwa Meru kiangazi chao ni Julai, na Julai ni ukungu, baridi ya kung'ata masikio, na kahawa mbivu. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisizipende. Zinafika wakati ambao hakuna mtu huku mwenye haki ya kukaa.

Sisemi kama mtu asiyezijua. Nilipokuwa nimepanga chumba mtaa wa Themi, bado bibi shamba wa serikali, niliingia sinema mjini kila nilipopata mtu wa kwenda naye. Nilicheka panapochekesha, nikafumba macho panapotisha, na kabla sijafika nyumbani nimeshasahau nusu. Stashahada yangu ni ya kilimo. Lakini macho ninayo, na ukishaona filamu tano za namna hiyo umeona zote. Mambo yanalipuka. Mwanamke anakimbia na viatu virefu na nywele hazitikisiki. Steringi, yule shujaa wao, hafi.

Baadaye serikali ikapunguza watumishi, nami nikapunguzwa. Nikarudi shambani kwa mume wangu Yoeli, na watu wakaendelea kuniita Bibi Shamba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni kingi. Chama cha ushirika kilikuwa kimekwisha nguvu. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao barabarani, wakanunua kahawa ikiwa bado na ganda lake, nyekundu na kijani pamoja, bila kuuliza. Watu walifurahi kuuza bila kazi, ila mimi. Nilizunguka nyumba kumi nikagomba, nikabembeleza, nikagomba tena, mpaka tukakubaliana: tunachuma nyekundu tupu, tunamenya wenyewe siku hiyo hiyo, tunaiweka tangini mpaka utelezi uachie, tunaosha, tunaanika kwenye vichanja, tunauza kwa pamoja kwa mnunuzi mmoja aliyetaka kahawa safi. Yule bwana alikuja na buti zake, akatuangalia wote, akasema neno moja tu: "Nikinusa uchachu kwenye gunia moja, sichukui hata moja." Akaondoka.

Basi kila nyumba ilishika roho ya nyumba nyingine tisa. Na mashine ya kumenyea tulikuwa nayo moja, ile ya zamani ya chama, ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa ibebwe kutoka nyumba hadi nyumba kwa zamu. Alhamisi hiyo ilikuwa kwetu. Ijumaa asubuhi ilikuwa iende ng'ambo ya korongo. Ukikosa siku yako, umekosa.

Tangu asubuhi walikuja saba kutusaidia, kama sisi ambavyo tungewasaidia zamu zao zikifika. Tulichuma vizuri. Saa sita lundo lilikuwa limejaa kwenye turubai chini ya mgomba, jekundu, linang'aa. Niliwapikia loshoro, wakala mahindi na maziwa yao mpaka wakafuta sufuria. Wanaume wakasema wanakwenda kunyoosha miguu kidogo kabla ya kushika mashine. Yoeli akiwa wa kwanza.

Saa nane hawajarudi. Nimebaki na Paskalina, jirani yangu, mama mwenye mgongo mbovu na moyo mzuri. Nikashika mpini wa mashine, yeye akamwagia kahawa, mimi nikazungusha. Baada ya madebe mawili mikono ikakataa.

"Wamekwenda wapi hawa watu?" nikauliza.

Paskalina akatazama majani ya mgomba.

"Paskalina."

"Omary kaleta panzi," akasema.

"Panzi gani?"

"Filamu mpya. Panzi wakubwa kuliko lori. Wanakula Marekani. Mimi sikutaka kukuambia, maana nilijua utakavyokuwa. Tazama, ndivyo ulivyo."

Niliingiza mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama ugali uliofunikwa. Kahawa mbivu ikishaanza kuchemka yenyewe namna hiyo una saa chache tu. Kabla ya jua kuzama inaanza kunuka siki, na siki hiyo hakuna maji ya kuiosha.

Nilikwenda na matope miguuni, sikunawa.

Omary alikuwa kijana wa Olasiti, mtu wa maneno matamu, na ghala la chama lilipobaki tupu alilikodi, akaweka televisheni juu ya meza, deki chini yake, mabenchi, na jenereta nje. Pale tulipokuwa tukipanga magunia mpaka darini, sasa watu walikuwa wanatazama watu wakipigwa risasi. Kila nilipopita nilikasirika. Siku ile nilikuwa nimekasirika kabla sijafika.

Niligonga lile bati la mlango kwa ngumi. Omary akafungua kidogo, akanivuta ndani, akafunga kwa kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

"Shikamoo mama. Karibu, nafasi ipo pale mbele."

"Sikuja kutazama. Fungua mlango watoke watu wangu."

"Mama, nikifungua, mwanga unaingia hawaoni kitu, na wale wa nje wasiolipa wanaingia wote. Sheria ya hapa, mlango unafunguliwa filamu ikiisha."

"Sheria ya nani?"

"Bibi Shamba, kaa chini, unaziba panzi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Wakacheka wote. Niliijua sauti. Ilikuwa ya Dismasi, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa amekula loshoro yangu bakuli tatu.

Macho yalipozoea giza niliwaona. Wanaume wangu saba benchi moja, wamebanana kama kuku wenye baridi. Yoeli katikati, mdomo wazi.

Omary akarudi kwenye kiti chake kando ya televisheni na fimbo yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akieleza. Kiingereza chenyewe kilikuwa kinakoroma tu. Kaseti ilirekodiwa na mtu aliyejificha ndani ya ukumbi wa sinema huko kwao, na mara kwa mara kichwa cha mtu kilipita mbele kwenda chooni.

"Hapa steringi anamwambia jenerali," akasema Omary, "mzee, mimi hawa panzi nawajua, wamemla baba yangu. Jenerali anasema, kijana, umelewa. Steringi anasema, sawa, tutaonana kwenye matanga yako."

Watu wakapiga makofi. Nami, kwa kuwa sikuwa na ufunguo, nikatazama.

Nimesomea wadudu. Nimelala mahemani na timu ya kupulizia dawa viwavijeshi vilipoingia bondeni, nimeona shamba la ekari kumi likibaki vijiti kati ya asubuhi na jioni, na mwenye shamba amekaa chini hawezi hata kulia. Mdudu anayekula si kitu cha mchezo. Lakini hawa panzi wa Omary walikuwa wanakula nini? Maghorofa. Walitafuna zege. Walimeza basi zima na abiria wake. Kisha steringi akakimbia kwa pikipiki katikati ya shamba la mahindi, mahindi marefu, mabichi, yamebeba, na hakuna jani hata moja lililoguswa!

"Mbona hawali mahindi?" nikasema kwa sauti.

"Ssss!"

"Nauliza. Panzi kamaliza benki na kanisa, mahindi kayaacha kwa nini?"

"Shemeji, wameshiba," akasema Dismasi.

"Wameshiba zege?"

"Panzi wa Marekani hao, shemeji. Chakula chao tofauti."

Kicheko. Hata Yoeli alicheka, halafu akaniona ninamtazama, akaacha.

Yule mwanamke wa filamu akatokea tena. Walisema ni daktari wa wadudu. Mwenzangu, basi. Amevaa shati lililokatika vifungo, hana hata darubini, hajachukua mdudu mmoja kumpima, na kazi yake yote ni kushikwa mkono na kuvutwa. Alipofungua mdomo, steringi alikuwa ameshaelewa. Kisha rafiki yake steringi, mweusi, mcheshi, ndiye peke yake aliyekuwa na akili ya kusema tuondoke hapa, akaliwa. Panzi akamng'ata kiunoni. Ghala zima likasema "Aaah!" kwa uchungu. Nilijua atakufa tangu alipotaja kwamba ana mchumba.

Hasira yangu ilikuwa ya aina yake. Haikuwa kwamba filamu ni ya uongo; hadithi za bibi yangu zilikuwa na fisi wanaosema. Ilikuwa kwamba mtu mahali fulani ametumia fedha ya kujenga hospitali ili kutengeneza kitu kisichojali hata kama panzi anakula nini, akijua kwamba watu watakaa tu. Na kweli wamekaa. Wangu wamekaa, na kahawa inachemka.

Nikainuka, nikapita mbele ya televisheni, nikachomoa waya.

Giza. Halafu kelele ambazo sijapata kuzisikia hata siku ya uchaguzi.

"Nani huyo?"

"Ni Bibi Shamba!"

"Mtoeni nje!"

"Fungueni mlango mnitoe," nikasema. "Ndicho nilichoomba tangu mwanzo."

Omary akawasha tochi. Yoeli alikuwa amesimama.

"Mama Anande," akasema, sauti ya chini, "unanitia aibu mbele za watu."

"Aibu iko nyumbani kwenye turubai, inatoa mvuke. Baba Anande, ingiza mkono wako kwenye lile lundo uniambie ni nani anayemtia aibu mwenzake. Nyumba kumi! Nyumba tisa zimetuamini zamu ya kwanza kabisa, na wewe umekaa hapa unatazama panzi anakula basi."

Akaketi. Dismasi akainuka.

"Shemeji, tunakuja. Haki ya Mungu tunakuja. Imebaki kidogo tu. Hatuwezi kuondoka hatujui kama watapona."

"Saa nzima," akasema Omary. "Imebaki kama saa nzima."

"Sina saa nzima."

"Basi hatuondoki," wakasema wengine. "Tumelipa. Tunataka mwisho."

"Mnataka mwisho?"

"Ndiyo!"

"Kaeni niwape."

Wakakaa. Nilisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, matope yamenikauka miguuni.

"Jenerali atatuma ndege, ndege zitashindwa," nikasema. "Ndipo atakumbuka kwamba yule kijana alimwonya. Atampigia simu. Kuna panzi jike, mama yao, amelala chini ya ardhi kwenye tundu, mkubwa kuliko wote."

"Acha, shemeji," akasema Dismasi.

"Steringi ataingia tunduni na yule daktari. Daktari atateleza. Atashikwa mkono. Baruti itakataa kuwaka, atabakiwa na kiberiti kimoja. Kitawaka. Watatoka wakikimbia, tundu litalipuka nyuma yao, na hawatageuka kutazama."

"Shemeji, nakuomba kwa jina la mama yetu."

"Watapigana busu. Jenerali atampa mkono. Watu wote waliobaki watapiga makofi, waliokufa hakuna atakayewataja, hata yule mweusi. Halafu, mnapofikiri imekwisha, mtaonyeshwa ardhi, kimya, na yai moja limebaki. Litapasuka ufa. Hapo ndipo mwisho, ili mwakani mlipe tena."

Kisha Dismasi akageuka pole pole kwa Omary.

"Omary. Ni uongo, sivyo? Wewe umeshaiona."

Tochi ilimwangaza Omary kidevuni. Alinitazama mimi, akaitazama deki, akanitazama tena.

"Ni hivyo hivyo," akasema.

"Hata yai?"

"Hata yai."

Mtu mmoja nyuma akaketi chini na kushika kichwa. Mwingine akasema nina roho ya mchawi. Dismasi akasema tangu kaka yake anioe hajapata kuona mwanamke anayeweza kuua filamu kwa mdomo. Wakanitukana mpaka mlangoni, lakini mlangoni walikwenda, kwa maana hakuna tena walichokuwa wanakisubiri. Omary akafungua kufuli bila kuambiwa.

Tuliteremka wote kwa hasira. Mimi mbele.

Tulipofika nilifunua lundo. Paskalina, na mgongo wake, alikuwa ameshaanza kulitandaza kwa mikono ili lipoe. Nilinusa kila upande. Za juu zilikuwa salama. Za chini kabisa, kwenye kona ambayo turubai lilikunjika, zilikuwa zimeanza. Nilizichota madebe mawili nikazimwaga shinani mwa migomba. Yoeli alinitazama nikimwaga kazi ya asubuhi nzima ya mtu mmoja, akaenda kushika mpini.

Kisha wakamenya. Sijaona mashine ile ikizungushwa kwa ghadhabu kama ile. Wawili wawili kwenye mpini, wawili wakimwaga, wengine wakileta maji kutoka mfereji. Maganda yaliruka upande mmoja, mbegu zikatiririka upande wa pili na utelezi wake zikaingia tangini. Na muda wote walibishana. Mmoja alisema steringi angetumia petroli. Mwingine akasema kiberiti kimoja ni cha kitoto. Wameuona mwisho kwa maneno yangu mwenyewe na sasa wananilaumu kwamba ni mbaya!

"Mimi sikuutunga," nikawaambia. "Nendeni mkagombane na Wamarekani."

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa migomba Omary alipotokea. Alisimama kando ya tangi, kofia mkononi.

"Mama, naomba tuongee pembeni."

"Ongea hapa, nina kazi."

"Pembeni, mama. Tafadhali."

Tukasogea kwenye vichanja. Alitazama nyuma, akatazama mbele.

"Nakushukuru," akasema. "Umeniokoa."

"Nimekuokoa nini? Nimekuzimia filamu."

"Kaseti haina mwisho."

Sikumwelewa.

"Aliyerekodi kaishiwa mkanda," akasema. "Au kakamatwa, sijui. Inafika pale panzi wanapoingia daraja kubwa, halafu mistari myeupe. Nyingi za Julai ndivyo zilivyo, mama, zinakuja haraka haraka. Mimi huwa natoka nje nazima jenereta, nasema mafuta yamekwisha, halafu nawasimulia mwisho mwenyewe."

"Unautoa wapi?"

"Kichwani. Lakini hii ya panzi nilikuwa nimekwama. Tangu jana nawaza tu. Wewe ulipouliza mnataka mwisho, moyo ukasimama. Na ulipousema nikaona, eh, huu ndio wenyewe."

Nilimtazama. Watu hawa walikuwa wamegombana mwezi mzima juu ya filamu ya mwezi wa sita, kama yule mwizi alikuwa sahihi kurudi kuchukua mtoto. Dismasi alikosana na mtu kilabuni kwa ajili hiyo. Hakukuwa na mwizi aliyerudi. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na Omary wa Olasiti na tochi yake. Nilijaribu kukasirika kwa mpangilio, nianze na nani, na nilishindwa, kwa kuwa kila niliyemfikiria alistahili kuwa wa kwanza.

"Kwa hiyo umewauzia watu nusu ya kitu," nikasema.

"Mama, hawajawahi kulalamika. Wanasema miisho yangu ni mizuri."

"Ni mizuri kuliko yao, hilo sikatai. Kazi rahisi. Sikiliza sasa. Siku za kumenya, nyumba yoyote ile, hakuna filamu mpaka mashine ioshwe. Saa kumi na mbili jioni, si kabla. Mpaka mwisho wa msimu."

"Mama, mchana ndio biashara yangu."

"Basi niende pale kwenye mpini nimwambie Dismasi kuhusu yule mtoto."

Akavaa kofia yake. "Saa kumi na mbili," akasema.

"Na sasa hivi kashike mpini. Yule pale mkono umemfia ganzi."

"Mimi? Mama, mimi sijui kahawa."

"Inazunguka upande mmoja tu."

Akaenda. Walimpokea kwa vicheko, wakampa mpini, wakamwacha peke yake kwa makusudi, na baada ya dakika chache shati lake zuri lilikuwa limelowa maji ya kahawa mpaka tumboni. Dismasi alimkalia karibu akiuliza maswali kuhusu panzi jike, na Omary alijibu kila swali bila kusita huku akihema. Alikuwa na kipaji, sikatai. Nilisikia akieleza rangi ya macho ya yule panzi. Debe la mwisho lilipita mashineni kukiwa bado na mwanga wa kuona nyekundu na kijani.

Ijumaa mashine ikabebwa ng'ambo ya korongo. Ijumaa hiyo hiyo Yoeli alikula, akalala, akaamka, hakunisemesha. Alizungumza na ng'ombe kwa sauti ya kutosha mimi kusikia kwamba katika nyumba hii ni ng'ombe peke yake asiyemkatiza mtu. Nilikuwa na tangi la kufunua kila baada ya muda, na pua yangu yote ilikuwa mle.

Jumamosi asubuhi walikuja, sikuwaita. Nyumba zote kumi, wanawake na vitenge vyao wamejifunika kwa baridi, wanaume mikono mfukoni, wale waliokuwa ghalani wamesimama nyuma ya wale ambao hawakuwapo. Kila mtu alijua yale madebe mawili. Kila mtu alijua neno la mnunuzi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa.

Nilikunja mikono ya sweta, nikaingiza mkono tangini mpaka chini kabisa, pale ambapo kama kuna ubaya ndipo ulipo. Nikashika konzi ya mbegu, nikazisugua. Zilikwaruza kama changarawe. Utelezi ulikuwa umeachia. Nikazileta puani. Nikanusa mara ya kwanza. Nikanusa tena. Nikampa Paskalina.

Paskalina alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikataka kumpiga.

"Maji," akasema. "Inanuka maji."

Mtu akacheka, halafu akaacha, halafu wakaanza wote kusema kwa pamoja. Mbegu zilipita mkono hadi mkono, kila mtu akinusa kana kwamba ni ubani. Dismasi alinusa, akasema hasikii harufu yoyote, akaambiwa ndiyo maana yake.

Kazi ilikuwa haijaisha. Kahawa ikiachia lazima ioshwe wakati huo huo. Nilichukua ndoo. Yoeli alikuwa tayari upande wa pili wa tangi, suruali imekunjwa, koleo la mbao mkononi.

"Mimina," akaniambia. "Pole pole. Usinilowanishe."

Nikamimina.